Madodoso ya Daktari Idwal

6 Stryd y Bont,
Llanifor, Wales.
3 Oktoba 2025

Mpendwa binamu Lowri,

Habari za Dunedin? Goti lako linakubali ngazi sasa? Sisi hatujambo, ila mvua haijatuachia tangu Jumanne.

Jana Daktari Pugh, anayemfanyia kaka yako Idwal tathmini ya mwaka huu, alimwambia kwamba hawezi kuyapokea maoni ya wagonjwa wake. Idwal mwenyewe ndiye aliyenieleza. Saa zake za masomo ya kujiendeleza zimetimia na hana malalamiko hata moja. Tatizo ni madodoso. Yote thelathini na manne yana alama za juu kabisa, na kumi na tisa yana sentensi ileile: "Anasikiliza bila kutazama saa." Huu ndio mwaka wa leseni yake kuthibitishwa upya. Bila maoni hayo, hapendekezwi.

Nikaanza kuulizauliza, unanijua. Mair wa mapokezi alitakiwa kumpa dodoso kila mgonjwa anayetoka kwa daktari. Yeye aliyapeleka kwenye chai ya kanisa, watu wakajaza pamoja, huku wakichunguliana. Elwyn Prosser alijisifu mbele yangu dukani.

"Nimempa alama zote, bwana! Binamu yako dhahabu yule."

"Mara ya mwisho alikupima lini?"

"Kunipima? Mimi naumwa? Tulionana kwenye mnada wa kondoo."

Mair hakuona haya. "Hefin, ningewapa wale wanaonuna wakisubiri, wangemmaliza. Au wewe unataka tuletewe daktari mgeni kila wiki?"

Hapo ana hoja. Daktari mwingine yuko maili ishirini. Lakini anayenitia shaka si Mair. Sanduku la kukusanyia madodoso, la plastiki angavu, lilikaa kando ya mlango wa Idwal wiki mbili bila karatasi ndani. Alilipita kila siku asiulize. Nilipomgusia, akaniuliza kama naongeza chai.

Nampenda, ila kwa hili simwamini. Ukimpigia simu, muulize wewe. Hakuwahi kuweza kukudanganya.

Nisalimie Craig na mapacha. Shangazi Buddug anawabusu nyote. Mungu awape afya na usingizi mwema.

Madodoso mapya yataanza kutolewa Jumanne tarehe 14, na mtu kutoka nje. Mimi nina miadi na Idwal siku hiyo, saa tatu na dakika ishirini. Nitapewa langu, na nitajaza kweli. Daktari Pugh atayasoma tarehe 4 Novemba.

Nikupendaye siku zote,
Hefin