Usimtie Babu Yako Maneno Kinywani

Ningbo, mwanzo wa machipuo

Boyan,

Nani alikutuma umtie marehemu babu yako maneno kinywani? Mtu amelala kaburini miaka yote hii hajamsumbua yeyote, leo wewe na profesa wako mmemtafutia sauti ya mtangazaji wa redio, mkampachika! Huna hata chembe ya haya?

Haya, salamu. Mimi mzima, ila magoti yananiuma mvua ikikaribia, na meno yaliyobaki yanatosha kwa uji na samaki wa chumvi. Wewe hujambo? Mkeo je? Mtoto ameacha kukohoa? Mwambie mkeo amchemshie mapeasi kwa sukari ya mawe, asimkimbize hospitali kila akipiga chafya.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumwita jirani. Shuleni sikukaa, lakini babu yako alinifundisha kusoma kwa yale maandishi ya sinema za kimya, yaliyokuwa yakitokea katikati ya picha ili watu wajue kinachosemwa. Ndiyo maana hadi leo ninayoyaandika bila kukosea ni "Ole wangu!" na "Niachie, mwovu wewe!" Usinicheke.

Unaniandikia kwamba mnamfanyia sherehe ya miaka tisini tangu azaliwe, na kwamba Tong Mengsheng alikuwa mwongozaji mkubwa wa filamu za mwanzo. Ukubwa huo mimi sikuuona. Niliona kijana mwembamba aliyeanza kwa kuigiza wanawake jukwaani, kwa sababu alikuwa na shingo ndefu. Baba yake alisema heri angezaa mwizi, maana mwizi angalau huficha uso. Wakamkana. Akaenda Shanghai, akachora mapazia ya jukwaa, akazungusha kamera kwa mkono mpaka bega moja likawa juu ya jingine, mwisho wakamwita mwongozaji.

Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha nguo. Mashine za kufuma zilinguruma hata ukitukanwa sikioni husikii, kwa hiyo sisi wasichana tulisemezana kwa midomo bila sauti, mmoja huku, mwingine kule mwisho wa jengo, na umbea haukupotea hata neno. Siku alipokuja na kamera yake kutupiga picha za sinema, nilimwambia mwenzangu kwa midomo kwamba bwana huyu ana shingo ya bata bukini. Alipoitazama picha yake akaona kuna msichana anamsema, asijue anasema nini. Akarudi kuuliza. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakalia marobota ya pamba, na mwaka ule ule tukaoana.

Sinema yake ya kwanza niliyoingia ilikuwa ya wapenzi wanaoagana darajani. Akina mama ukumbi mzima wanafuta machozi, mimi nacheka peke yangu. Akanifinya. Nikamwambia huyo bibie wako anayelia anamwambia mpenzi wake, "Ondoa kwato zako kwenye gauni langu, unanuka kitunguu saumu!" na mpenzi anamjibu, "Afadhali kitunguu kuliko marashi yako ya msibani." Yeye hakucheka. Kuanzia hapo aliwalazimisha waigizaji wake waseme maneno ya kweli ya hadithi, ingawa hapakuwa na chombo cha kunasa sauti. Walimdhihaki sana. "Kwani Bwana Tong, nani atasikia?" Akawa anawajibu, "Mke wangu."

Alipiga picha nyingi, zikapendwa. Kisha sauti ikaingia kwenye sinema, na kila mtu akatakiwa aseme Kichina cha Beijing. Babu yako Kiningbo kilimganda ulimini. Hakuweza hata kusikia waigizaji wake wanakosea wapi. Filamu yake ya kwanza yenye sauti ilikuwa ya msiba, watu wakaicheka. Hakupewa nyingine. Mabomu ya Wajapani yakaiteketeza studio pamoja na kazi zake, naye akamalizia maisha akichora mabango ya filamu za wenzake, mpaka kifua kikamuua wakati wa vita. Ndiyo kazi yake yote. Hotuba ya profesa wako ingeweza kuishia hapo.

Sasa sikiliza habari ya baba yako. Umeandika kwamba Deqing amekataa kuja, na unamwita mzee mkaidi. Mkaidi ni wewe, usiyeuliza.

Shangazi yako Aju alikuwa hapendi viatu. Asubuhi akiamka anakimbia peku juu ya matofali ya sakafu, hata wakati wa theluji, na babu yako, povu la kunyolea bado liko shavuni, anampigia kelele: "Vaa viatu, Aju! Chini baridi!" Yeye anacheka, anazidi kukimbia. Kila siku, mpaka majirani wakawa wanamwigiza. Aju akafa kwa ugonjwa wa koo, majira ya baridi. Jeneza likiwa bado ndani ya nyumba, babu yako alivaa koti akaenda stesheni kupiga filamu yake, kwa sababu watu wa reli walikuwa wamempa treni siku hiyo tu. Mwigizaji wa kuwa baba kwenye filamu hakutokea, basi akajibandika ndevu mwenyewe, akaigiza.

Baba yako, mdogo wake Aju, alisimama mlangoni akauona mgongo wa lile koti. Hadi leo anauona. Kila siku ya kusafisha makaburi anafagia la dada yake, na la baba yake, lililo ubavuni, analipita kama jiwe la kukalia. Sijamkemea. Mimi mwenyewe niliapa sitaitazama picha ile. Mengsheng aliniomba mara moja tu, akasema nenda, tazama hata kile kipande cha stesheni peke yake. Nikamwambia heri nichungulie choo. Hakuniomba tena. Studio ilipoungua, nikasema basi, na hilo limekwisha.

Kumbe nakala ilikuwa ng'ambo, Penang, kwenye ghala la mwenye ukumbi wa sinema. Mwezi uliopita ukaniita, ukaniketisha mbele ukanionyesha. Nikaondoka bila kunywa chai, nawe ukamwambia mkeo kwamba bibi amekasirikia kiti. Kiti hakikuwa na kosa lolote.

Treni inaondoka, mzee amesimama kwenye jukwaa la stesheni, mkono juu. Profesa wako amemwandikia, "Nenda, mwanangu, taifa linakungoja," kwa sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Babu yako hakusema hivyo. Chini ya zile ndevu zilizopinda anasema, kwa Kiningbo chetu: "Vaa viatu, Aju. Chini baridi." Anasema tena. Treni imeshapita, hakuna wa kuambiwa, na midomo bado inasema.

Alijua ni nani peke yake angeisoma. Mimi sikwenda.

Simtetei. Mtu haondoki nyumbani siku kama ile, na leo hii angefufuka ningemwambia hivyo hivyo. Kumsamehe au kutomsamehe ni kazi ya baba yako, simwamulii. Lakini aone kwanza. Hahitaji kujua kusoma midomo. Maneno hayo, aliyelelewa katika nyumba ile atayatambua. Ila mkishamjaza redio masikioni, nani atatazama mdomo?

Nisalimie mkeo, mbusu mtoto, na umsalimie hata huyo profesa, hana ubaya, ana maneno mengi tu.

Ondoa sauti hiyo, yote, picha ikae kimya kama alivyoiacha. Kisha panda treni uje umchukue baba yako mwenyewe, usimtumie barua. Mweke kiti cha mbele, pembeni yangu. Na umhimize avae viatu vizito. Ule ukumbi wenu, chini baridi.

Bibi yako