Joto Kwenye Vichwa vya Betri

Kalokol, Alhamisi alasiri. Jua ni lile lile la kuchoma kisogo, wingu hakuna hata moja, na mimi sina raha kabisa.

Nimechoka, shajara. Nimechoka na betri mbili za mashua ya shemeji yangu Ekiru kuliko nilivyowahi kuchoka na kitu chochote chenye waya. Kule Kakuma ninakofanyia kazi watu huniita fundi wa sola, na huwa naitika bila haya. Leo mtu akiniita fundi nitalia.

Ekiru huvua samaki kati ya hapa na Longech. Kaka yake, Lokwang, alifia ziwani akipiga makasia kurudi nyumbani. Upepo ulimzidi nguvu. Ndiyo maana mimi na mume wangu tulimtafutia Ekiru mota ndogo ya umeme, nikaifunga mwenyewe. Mama mkwe aliposikia kwamba mwanawe aliyebaki kwenye uvuvi hatategemea mikono tena, alinishika kichwa akaniombea kwa Kiturkana mpaka nikaona aibu.

Haikupita muda, Ekiru akapiga simu. Nyaya zinachemka pale zinapofungwa kwenye betri, plastiki inayeyuka, mota inalegea katikati ya maji. Nikatoka Kakuma, nikalala Lodwar, nikafika hapa jioni iliyofuata. Nilipofungua nati nikakuta unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Nikasema, haya, hiyo ni chumvi ya ziwa. Nikasugua kwa msasa, nikakaza, tukajaribu. Baridi kabisa! Niliondoka nimevimba kichwa.

Simu ikaja tena. Nikarudi, unga ule ule. Safari hiyo niliweka nyaya nene zaidi, nikamlaumu Ekiru kwamba hakazi vizuri anapozirudisha betri asubuhi baada ya kuzichaji nyumbani. Aliniomba radhi. Shemeji ni mpole, hata ukimwonea.

Juzi akapiga tena. Mara hii nikaamua nisiguse kitu kwanza, nione asubuhi yao inavyoanza.

Leo asubuhi nilimkuta mama mkwe ameinama ndani ya mashua, betri ziko wazi, nyaya bado hazijafungwa. Alikuwa na kibakuli cha emunyen, udongo mweupe ambao familia hii hupaka mtu au kitu inapobariki. Alipaka vichwa vya betri kimoja kimoja, taratibu, akinong'ona. Ekiru alisimama kando ameshika nyaya, akimngoja amalize ndipo afunge.

Kwa nini pale, na si kwenye mota au ubao wa mashua? Kwa sababu siku ya kwanza mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole nikamwambia, "Mama, hapa ndipo nguvu inatoka."

Ningenyamaza? Nimejiuliza tangu asubuhi. Lakini nilishaiona ile plastiki iliyoyeyuka, na nilijua siku moja mota itamzimikia Ekiru mbali na nchi kavu. Basi nikamweleza mama polepole. Udongo ukikaa kati ya betri na waya, umeme hupita kwa shida, na shida hiyo ndiyo joto.

Alinitazama. Huniita kwa jina la binti yangu.

"Mama Akai, kumbe ni mimi nilikuwa nachoma mtoto yangu?"

Nikasema hapana, mama. Nikamsihi apake kwenye ubao, kwenye mota, kwenye paji la uso la Ekiru, popote pengine. Hakutaka. Alisema mkono ulioleta moto haubariki tena. Akaenda kuuosha ziwani, akamwaga na udongo wote.

Nilisafisha, nikakaza. Ekiru akazunguka karibu na ufuo, akarudi, nikagusa kila nati kwa kidole. Baridi. Sijawahi kufanya kazi safi kama hii, na hakuna aliyefurahi.

Ekiru alizifungua betri, akaziweka mchangani mbele yangu kwa heshima zote.

"Shemeji, pole. Bila mkono ya mama siwezi toka na hii kitu."

Akachukua makasia. Hayo, alisema, mama aliyabariki zamani. Nilitaka kumwambia kwamba hata ya Lokwang yalibarikiwa. Nilishindwa, kwa sababu mama alikuwa anasikia. Ekiru akaondoka akipiga makasia.

Sasa upepo umeanza kuinua mchanga. Mama amekaa ufuoni, amenipa mgongo. Nimempelekea chai, haigusi.

Nilikuja kuondoa joto nikaliondoa. Nimemwondolea na mama kitu kimoja alichoweza kumfanyia mwanawe. Sijui kukirudisha, na hakuna mtu wa kumpigia simu aje anitengenezee.

Ekiru akirudi leo, nitampigia magoti mama huyu mpaka aukubali tena mkono wake. Asiporudi, nitakaa naye wapi hapa duniani?