Ghorofa ya Nane

Migwani,
14 Juni 1987

Baba mpendwa,

Kabla sijakuuliza habari ya afya yako, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, ama nitaficha tena. Barua unazomwandikia mama yako, Susu wangu, tangu mwezi wa pili simsomei jinsi zilivyo.

Sasa naweza kukusalimu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi ni wazima. Susu anakohoa asubuhi tu.

Ulipoandika kwamba wenye jengo wamepelekana kortini na kazi imesimama kwenye ghorofa ya saba, Susu alikuwa ameketi na kiondo chake magotini. Unajua anasuka mstari mmoja mwekundu kwa kila ghorofa unayomaliza. Uzi wa nane alikuwa ameshautia rangi. Akaniuliza, "Wamefika wapi?" Nikasema, "Ya nane, Susu." Ilinitoka tu. Darasani siwezi hata kuinua mkono, lakini nikimsomea Susu sauti yangu hutoka, naye hunitazama kana kwamba mimi ndiye ninayejenga.

Baada ya hapo sikujua pa kusimama. Mwezi wa tatu nikajenga ya tisa. Mwezi wa tano nikawawekea lifti. Sasa tuko kumi na moja. Jumapili iliyopita Susu alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa hiyo ya kumi na moja, akina mama wakapiga makofi, mimi nikaangalia viatu vyangu. Jirani yetu Ndululu akamchokoza njiani: "Kalunde, hicho ni kiondo ama ni bomba la maji?" Susu akamjibu, "Nyamaza wewe. Mwanao akijenga hata choo, niite nije nione."

Lakini kinachoniumiza ni kingine. Katika ile barua ya mwezi wa pili uliandika: "Muulize mama kama nirudi nyumbani nilime, ama niendelee kungoja hapa. Nitafanya atakavyosema." Hilo pia niliruka. Hajawahi kuulizwa, Baba. Si kwamba amekataa kukujibu. Ni mimi.

Nisamehe. Sijui nianzie wapi kumwambia.

Mwanao,
Nthenya


Nairobi,
1 Julai 1987

Kwako mwanangu Nthenya,

Barua yako imenikuta mzima. Kifua ni vumbi tu. Nimeisomea huku juu ghorofa ya saba, ambako hakuna kuta, ni njiwa na vile vyuma nilivyofunga kwa mikono yangu, vimeota kutu. Tumebaki wawili, mimi na Mutie wa Nuu. Tuliambiwa atakayeondoka asahau kazi. Nilipomsomea Mutie habari ya lifti alicheka mpaka akashika nguzo. Anasema ukifika kumi na nne umwekee kitanda.

Na mimi nikwambie langu. Miezi yote hii nikiona mama hajibu, nilisema amenikasirikia, ameona nimeshindwa. Kuuliza mara ya pili nikaona haya. Ndiyo sababu Pasaka sikuja. Nilikuwa na nafasi, nikakaa hapa.

Sikuchukii. Umejenga haraka kuliko sisi. Lakini swali langu bado liko palepale. Kama hukuichoma ile barua, msomee yote. Atakachosema kiandike alivyokisema, hata kama ni matusi.

Baba yako,
Nzioka


Migwani,
19 Julai 1987

Baba mpendwa,

Tuko salama, mbaazi zimeanza kukauka, na Susu anakusalimu kwa njia yake, utaona.

Sikuichoma. Ilikuwa ndani ya kitabu changu cha jiografia. Jana, Susu alipomaliza chai, nilimsomea yote mpaka jina lako. Swali nililisoma mara mbili. Kisha nikamwambia kwamba ya nane mpaka ya kumi na moja ni zangu.

Kwanza alifukuza kuku. Halafu akasema, "Kwa hivyo nilisimama mbele ya kanisa nikamshukuru Mungu kwa hewa."

"Ndiyo, Susu."

"Na mtoto wangu amekaa ndani ya hiyo hewa akingoja nimjibu?"

"Ndiyo."

"Shika kalamu."

Haya ni maneno yake: "Nzioka, saba zinatosha. Mimi ghorofa sikuzitaka, nilitaka kujua uko wapi. Mvua ya mwezi wa kumi isikukute huko. Njoo na huyo Mutie, ale."

Kuhusu mimi, alisema leo tutasimama wote wawili kanisani, na atakayezungumza si yeye.

Nilisimama. Watu wa nyuma wakasema, "Hatusikii!" Nikarudia. Ndululu hakucheka. Tulipofika nyumbani Susu alinipa kiondo nikishike chini, akaanza kukifumua kutoka juu, nami nikawa nauzungusha uzi mwekundu kwenye kijiti. Kwenye mstari wa saba aliacha. Mdomo wa kiondo hakuufunga. Nikaweka uzi ndani yake, nikaenda kuanika blanketi zako juani, kisha nikakaa kuandika hii.

Mwanao,
Nthenya