Kitabu cha Wezi na Wivu Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Je, mguu umepona, au bado unachechemea ukipanda ngazi? Usiniandikie kwamba umepona ili kunifurahisha tu, nakujua. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo, utauhukumu mwenyewe ukifika mwisho wa barua hii.

Umeniomba nikutajie kitabu cha kusoma na wenzako wa Jumamosi, kisiwe cha machozi, maana cha mara iliyopita kiliwaliza mpaka mmoja akatoka nje. Dada yako sina elimu ya kuchagua vitabu, ila kimoja nakijua kama kiganja changu: Meza ya Mjane, zawadi yako ambayo wewe mwenyewe hukuisoma. Wazee wanne, wanaume watatu na mjane mmoja, hakuna hata mwenye magoti mazima, wanaiba sefu ya tajiri mmoja. Kuibeba wanaweza, kuifungua wanashindwa. Basi mjane anaitandikia kitambaa, inakuwa meza ya chakula. Kumbe yule tajiri anamtaka mjane uchumba! Kila Ijumaa anakuja kula juu ya mali yake mwenyewe, na kila akiigonga meza kutilia mkazo maneno yake, wezi wanashika vifua. Wasomee wenzako. Atakayenuna mpelekeni kwa daktari.

Lakini siwezi kukusifia kitabu hicho nikakuficha kilivyonivua nguo.

Kazi yangu unaijua, chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kukunja. Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe mbili, yule mbili, mnakwenda mkikutana, mnaachana, mnakutana tena. Miaka kumi na moja upande wa pili wa shuka langu amekuwa somo yangu, rafiki wa siri zangu. Mtu unayekutana naye uso kwa uso mara mia mbili kwa siku, utamficha nini? Na miaka yote hiyo nimekuwa nikimsimulia wale wezi. Kosa langu ni kwamba nikikaribia pa kuchekesha nacheka mimi kwanza, msikilizaji anabaki kutazama fizi zangu. Somo alikuwa akiniambia, haya, ukimaliza kucheka utatuambia.

Mwaka huu akaletwa mpiga pasi mgeni, mama wa makamo kama mimi, mpole. Nilimwazima kitabu kwa mkono wangu mwenyewe, nipate mtu wa kukizungumza naye. Siku ya tatu, saa ya chai, akaanza kuwasomea wenzetu kwa sauti. Kila mwizi akampa sauti yake, tajiri akamsemesha puani. Mdogo wangu, somo alicheka mpaka akaporomoka juu ya rundo la mashuka safi, ikabidi yafuliwe upya. Akafuta machozi, akanigeukia, akaniuliza mbona sikuwahi kuwaambia kwamba kitabu hiki kinachekesha namna ile.

Miaka kumi na moja!

Toka siku hiyo mpiga pasi akawa anamaliza pasi zake mapema, anakuja kushika pembe za shuka la somo. Mimi nikaachiwa foronya. Foronya inakunjwa na mtu mmoja. Nilikuwa nazikunja huku nawasikia wakiitana “bwana tajiri” na “mjane wangu”, maneno ya kitabu changu, mimi nikichekelea pembeni kama mkwe aliyekuja bila taarifa. Nikaenda kusali niondolewe kijicho. Katikati ya sala nikajikuta siombi tena, namshtaki yule mama kwa Mungu.

Wiki iliyofuata msimamizi aliingia saa ya chai, akachukua kitabu, akasema hapa ni mahali pa kazi, hapafundishwi wizi. Mpiga pasi akahamishiwa chumba cha nguo chafu, kule mashuka yanakofika na damu na kila kitu. Wenzangu wakawa wanaulizana ni mdomo gani uliompelekea msimamizi maneno. Somo akarudi kwenye shuka langu, lakini akawa anakunja kimya. Juzi akaniambia yule mama anakohoa sana kwa ile dawa ya kung'arishia nguo, akanisihi nimwombee, eti mimi ndiye mwenye dua.

Mdogo wangu, mdomo ule ni wangu. Ni mimi niliyekwenda kwa msimamizi na sura ya ibada, nikamwambia kitabu kile kinawafunza watu kuiba.

Baada ya maneno ya somo sikulala vizuri. Jana nikaenda kumwomba msimamizi amrudishe yule mama. Nikamkuta anacheka peke yake, kitabu kiko mkononi. Akaniuliza kama nilikuwa nimekisoma kabla ya kukisemea. Nikasema sijakisoma, wala sijui ni cha nani. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaugeuza upande wangu, pale ulipoandika jina langu siku uliponipa.

Laiti sakafu ingenimeza. Akasema mpiga pasi atarudi Jumatatu, na mimi ndiye nitakayewaeleza wenzangu aliondoka kwa sababu gani. Kitabu hakunirudishia, amesema hajamaliza.

Nitasema, nimeshamwahidi Mungu. Ninachoogopa ni somo kuliachia shuka asilishike tena. Nimtangulie nimweleze peke yake, au ayasikie mbele ya wote pamoja na yule mama niliyemdhulumu? Wewe una busara kuliko mimi, ijapokuwa nilikubeba mgongoni.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Aliyekuletea barua hii anarudi huku Jumapili. Tafadhali mpe jibu, hata mistari miwili.

Dada yako