Chupa Iliyosimama Wima

Jumatatu, 6 Oktoba

Watalii tisa leo kwenye safari yangu ya kutembeza wageni Bordeaux. Wamarekani wanne, mtu na mkewe kutoka Lyon, wasichana wawili wa Kiholanzi wasiochoka kujipiga picha — na mwanamume mmoja wa koti la kijani. Peke yake. Hana kamera, hana ramani. Kasema anaitwa Régis, anatoka Lille. Haya. Lakini mtu wa Lille mbona hashangai kitu? Mto umejaa tope, rangi ya chai ya maziwa, wenzake wote wananiuliza kama ni uchafu. Yeye kimya. Kengele Kubwa juu ya lango la kale, kimya. Pale uwanjani kwenye maji ya kina cha kidole yanayoakisi kama kioo, watu wameshika viatu mkononi wanacheka kama watoto — yeye anatazama juu, madirishani.

Kisha mvua ikatukimbiza, nikafupisha safari. Tukaishia chini ya mnara wa kanisa la Saint-Michel kama kawaida. Akaniuliza kama nakaa mtaa huu. Nikamwambia nakaa mbali. Uongo mtupu, nyumba yetu hiyo hapo, ukirusha kokwa ya zeituni inagonga mlango. Akaitikia kwa kichwa, halafu akageuka akaitazama. Si ya jirani. Yetu!

Watu hawa nawajua. Tangu treni ya kasi ianze kutumwagia Waparisi, hakuna wiki inayopita bila mtu kuja kukagua paa za watu. Vikaratasi vya “tunanunua nyumba” Bibi anawashia jiko. Na huyu kaja wakati mbaya. Babu Armand katutoka Machi, nyumba ilikuwa yake, na tarehe 21 tunakwenda kwa wakili wa mirathi. Mtoto ni mmoja tu, Mama, yuko Toulouse, na keshakubali: atasaini, Bibi Huguette na mimi tutabaki humu humu. Nyumba yenyewe vyumba vitatu na ngazi. Haigawanyiki. Akiingia mrithi wa pili tu, inauzwa.

Kwa hiyo Bwana Koti, nakuona.

Jumanne, 7 Oktoba

Kaja tena! Njia ileile, maneno yaleyale, na bado kalipa. Nani analipa mara mbili kusikia jambo lilelile?

Leo jua lilikuwepo, nikawapeleka kule kichochoroni nyuma ya gati, kwenye ule uso wa jiwe juu ya mlango. Nyuso za mawe zimejaa mji mzima, lakini huyu ni wetu. Mwanamke, mashavu yamevimba kama puto. Maktaba nimepekua vitabu vyote, hayumo. Babu ndiye aliyemtungia hadithi: ni mama mkwe wa mwashi. Alikaribishwa divai ya mkwewe, mbovu haina mfano. Kuimeza hawezi. Kuitema mbele ya wageni, aibu. Akaibana mdomoni. Mpaka leo anangoja wageni waondoke.

Hapo kwenye “wageni waondoke” ndipo watu hucheka. Koti kacheka kabla. KABLA! Nilikuwa bado nipo kwenye “akaibana mdomoni”, yeye keshacheka, kidogo, kwa puani, kisha akajidai anakohoa. Hadithi hii Babu kaitungia jikoni kwetu. Jana sikuisimulia. Sasa yeye mwisho wake kaujulia wapi?

Nikamweleza Bibi. Alikuwa anamenya vitunguu. Hakuuliza ni nani, hakuuliza anataka nini. Kauliza alicheka vipi. Nikamwigizia ile pumzi ya puani. Akarudi kwenye vitunguu vyake, machozi yanamtiririka. Vitunguu vya mwaka huu vikali.

Jumatano, 8 Oktoba

Hakuna safari. Nimeshuka stoo ya chini kuchukua jamu ya Bibi — na nimekuta chupa imesimama.

Humu hakuna chupa inayosimama. Zote zinalala, kizibo kisikauke, Babu alikuwa mkali kuliko polisi. Nyingi ni za kunywa tu, lakini rafu ya nyuma haiguswi: zile za kuzaliwa. Kila nyumba hapa inazo. Mtoto akizaliwa unamwekea divai ya mwaka wake, mnakuja kuifungua akiwa mtu mzima. Za Mama ni 1975. Zangu 2004. Halafu kuna zile nne za 1977. Hizo hakuna anayezielewa. Sabini na saba ulikuwa mwaka mbovu, baridi iliunguza mizabibu, mvua ikamalizia kilichobaki. Hata walevi wa gatini wanaujua. Nilikuwa namuuliza Babu kwa nini anatunza siki, ananijibu: mwaka haujichagui, mjukuu wangu.

Iliyosimama ni mojawapo ya hizo.

Divai kongwe husimamishwa siku kadhaa ikiwa tu mtu anataka kuifungua, mashapo yashuke chini. Nani anataka kuifungua? Mimi, hapana. Bibi, na magoti yale, hajashuka ngazi hizi miaka. Kiunoni hawezi kuinama hata kufunga kamba ya kiatu, namfunga mimi.

Kitasa cha mlango wa stoo unaotokea uani ni kibovu. Mtoto mdogo angeufungua kwa kijiko.

Nimeilaza tena. Mlangoni nimeweka kiti na ndoo juu yake. Aje sasa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ndoo haijaguswa. Kiti hakijaguswa.

Chupa imesimama.

Nilikaa nayo tukatazamana. Sikuilaza. Kulaza na kusimamisha kila siku ni kuiua, na hata siki ina heshima yake.

Koti kaja mara ya tatu. Nilimtazama viganja: havina vumbi. Akaninunulia kanele, kile kikeki chetu cha vanila na ramu, kwa mama wa kibanda, moja yake moja yangu. Nikaipokea. Nimeila, ndiyo, njaa ilikuwa inaniuma. Lakini kuila si kumwamini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemfuata!

Safari ilipokwisha alikaa kwenye benchi mkabala na nyumba yetu, mikono mfukoni. Hapigi picha, haandiki kitu. Dirisha la Bibi lilikuwa wazi, pazia linapepea. Mimi nimejibanza nyuma ya meza za wauza vitu kuukuu, muuzaji ananiuliza kama nanunua hilo kabati au naishi humo. Mara Koti akainuka akapanda tramu ya kituo kikuu. Nikapanda behewa la nyuma. Kofia nimeishusha mpaka puani, mtoto mmoja akanicheka njia nzima.

Kituoni nikasema sasa tutaona: ya Paris au ya Lille. Kama ni ya Paris, nimemnasa, katumwa na wanunuzi.

Hakuna Paris hapo. Kapanda kile kitreni cha Langon! Treni ya wauguzi na wanafunzi, nusu saa kupanda na mto. Na hakusoma hata ubao. Kaenda moja kwa moja kwenye njia yake, kama mtu anayekwenda chooni nyumbani kwake.

Kwa hiyo Lille ni uongo. Yeye ni mtu wa huku huku. Kwa nini mtu wa Langon ajifanye mgeni Bordeaux, alipe kutembezwa mji anaoujua?

Jumamosi, 11 Oktoba

Pole pole, Maylis.

Asubuhi Bibi kanituma soko la Capucins, mapaja ya bata na kabichi. Nikapita kwa Amparo muuza samaki, ambaye ulimi wake na kisu chake sijui kipi kinakata zaidi. Akaanza: mjukuu wa mvuvi mkuu huyo, leo hununui? Hapo ni ule utani wa zamani. Babu alikuwa anakwenda kuvua kila Jumamosi, analeta samaki mmoja, na Bibi anasema palepale mezani, mvuvi gani huyu, samaki wake katoka mtoni keshaparwa magamba. Tunacheka wote. Nilikuwa najua kuwa ananunua! Kila mtu alijua. Nilidhani anakwenda kucheza karata na wazee.

Nikamwambia Amparo, angalau wewe ulifaidi. Akacheka. Akasema Armand alikuwa anafika mbio kabla hawajafunga, fimbo ya kuvulia begani, viatu vikavu. “Treni ya Langon ikichelewa,” akasema, “nilikuwa namwekea samaki pembeni. Na wewe ulidhani anavua wapi, kwenye behewa?”

Langon.

Nimerudi kwa miguu, tramu ingenichelewesha kufikiri. Kicheko cha puani, kile kilikuwa cha Babu. Nilimwigizia Bibi kicheko cha Babu jikoni kwake mwenyewe, mjinga mimi! Koti si dalali. Ni baya zaidi. Kama ninachowaza ndicho, basi Mama si mtoto pekee wa Babu, tarehe 21 kuna kiti kingine kwa wakili, na nyumba hii imekwisha. Bibi ataenda wapi? Nyumba za wazee, zile zenye harufu ya supu ya paketi?

Nimefika, sijavua hata koti, Bibi ananiambia: yule bwana wa Lille, ukimwona leo, mwambie kesho aje kula supu. Nikauliza bwana gani. Akasema, “Mimi nina magoti mabovu, si macho.”

Sikumwambia. Koti alikuwepo kwenye safari ya mchana, kasimama hatua mbili tu kutoka kwangu, nikamsimulia habari za kanisa mpaka koo likakauka, sikumwambia. Nimemdanganya Bibi kwamba kasema hana nafasi. Bibi kaitikia. Kisha kaendelea kuloweka maharage — ya watu watatu.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika nikiwa ngazini, stoo ya chini, kwa tochi ya simu. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni. Wako juu. Wawili. Lazima niandike kabla sijapanda, maana nikipanda sitajua tena kilikuwa nini.

Saa sita kengele ya mlango ililia. Koti. Kanyoa ndevu, kashika mfuko wa kanele. Nikasimama mlangoni mzima mzima. Akasema kaalikwa. Nikamwambia sikukualika. Akasema, “Najua, binti. Si wewe uliyenialika.” Nyuma yangu Bibi akasema nimpishe mgeni, supu inapoa.

Kwa hiyo Bibi ndiye aliyemwita. Lini? Kwa simu? Kwa lile dirisha?

Bibi alikuwa keshaweka meza. Mbele ya Koti kaweka bakuli la Babu, lile la buluu lililomeguka. Tangu Machi halijashuka kabatini. Nikalitazama, nikamtazama Bibi, yeye anakata mkate. Tukala. Wanaongea bei ya mbao. Wanaongea mvua. Mimi natafuna kabichi kama ng'ombe, nasikiliza kila neno, hakuna linaloniambia kitu. Bibi anamwita mwanangu, lakini Bibi hata fundi bomba anamwita mwanangu.

Supu ikafika chini. Bibi akasukuma chupa ya divai, ile ya kila siku, mpaka karibu na mkono wa Koti. Akaacha.

Mji huu watu hawaoshi tena bakuli la supu kwa divai na kuinywa, wanaona ni ushamba. Waliobaki wanamimina tu na kunywa. Babu peke yake alikuwa na namna yake: anageuza kijiko kifudifudi ndani ya supu iliyobaki, anamimina mpaka mgongo wa kijiko unapotea, ndipo ananyanyua bakuli kwa mikono miwili. Sijaona mtu mwingine akifanya hivyo popote.

Koti kageuza kijiko.

Nadhani hakujijua. Alikuwa bado anaongea habari za mvua. Akamimina. Mgongo wa kijiko ukabaki juu kidogo, kama kisiwa. Hapo akaona kwamba sote tunakitazama kijiko. Chupa ikamgandia mkononi.

Bibi akasema, “Ongeza. Mgongo haujazama.”

Akaongeza. Divai nyingine ikamwagikia kitambaa cha meza. Bibi hakugeuka hata kulitazama doa.

“Ulizaliwa mwaka gani, mwanangu?”

“Sabini na saba, Mama.”

“Mwaka mbovu.”

“Ndivyo nilivyoambiwa siku zote.”

Bibi akafuta mdomo, taratibu. Kisha bila kunitazama: “Maylis, shuka ukalete ile iliyosimama.”

Ile iliyosimama! Sikuwahi kumwambia Bibi habari ya chupa. Sikumwambia mtu.

Nimeshuka na tochi, na sasa naona nilichopaswa kukiona siku zote hizi kama nisingekuwa natafuta nyayo za wezi. Kwenye vumbi la ngazi, kila ngazi, duara dogo. Mpira wa fimbo ya Bibi. Duara, na pembeni ukutani alama ya kiganja. Duara, kiganja. Kushuka na kupanda. Mara mbili, maana mara ya pili nilimsababishia mimi, nilipoilaza. Na magoti yale.

Hakuna aliyeingia kwa uani. Ndoo yangu ilikuwa inalinda mlango ambao sio.

Ile ya 1977 ninayo hapa, nimeiweka wima kati ya viatu vyangu. Zimebaki tatu rafuni. Nikiziangalia nafikiria lile jiwe, yule mama mkwe wa kichochoroni. Babu alikuwa anacheka kila akisimulia. Bibi alikuwa anaosha vyombo tu, ametupa mgongo. Sikuwahi kumwona akiicheka hadithi ile; naye alikuwa na lake kalibana mdomoni.

Lakini nyumba? Tarehe 21? Kamleta mwenyewe mpaka mezani, anajua vizuri kitakachofuata, Bibi si mtoto. Au anajua jambo ambalo mimi sijui. Na huyo Koti, hizi siku zote anatembea nyuma yangu kama mgeni, kwa nini? Anataka nini? Anataka supu tu? Siamini. Nataka kuamini, siamini.

Sasa namsikia Bibi huko juu. Anamuuliza, hivi huko Langon, samaki wanatoka mtoni wamekwisha parwa magamba?

Pumzi ya puani. Halafu — Bibi! Bibi anacheka. Anacheka mpaka anakohoa.

Simu inatetemeka, tochi inacheza ukutani. Mama. Kila Jumapili baada ya chakula hupiga. Atauliza tumekula nini, nani alikuja.

Bibi anaita, nimekwama wapi. Anasema niibebe taratibu, nisiitikise.

Mama bado anapiga.