Dawa Iliyomjua Kaka Yangu

Nyamiaga, Ngara

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini nililia kwenye simu uliponieleza masomo yako. Nikiwa msichana, kaka yangu aliugua mahututi, akachomwa sindano. Nikamuuliza nesi, "Dawa inajuaje kuua vijidudu na kumwacha kaka?" Akajibu, "Binti, hata mimi sijui." Kaka akapona, swali nikabaki nalo.

Kumbe, kama ulivyonieleza, mtambo wa kutengeneza protini katika viumbe vyote una asili moja, ila wa bakteria, vijidudu vile, umetofautiana kidogo na wetu, na dawa kama ile hunasa kwenye tofauti hiyo! Babu yako amecheka: "Vijidudu ni ndugu zetu?" Mimi nilitoka nje, nikatazama migomba, kuku, hata uyoga, nikajiona niko kwa jamaa zangu.

Bibi yako akupendaye