Video ya Mto Haifutwi

Shoga, uko? Mwenzio nimejianika mtandaoni!

Mjukuu wangu, yule anayenitangazia mito ninayoshona, aliniachia simu kidogo. Nikabonyeza sijui wapi, kumbe niko hewani! Watu wananiona na gauni langu la kushindia, naujaribu mto niliomaliza kushona, naukalia, naurukia, naugombeza: "Pasuka basi tukuone!"

Kitinda mimba wangu kapiga simu anafoka: "Mama, futa! Kazini wananicheka!"

Nifute? Mimi nifute?

Mjukuu anasema tangazo lake la kwanza, alilomweka binti mrembo ashike mto, lilipendwa sana, ila wote walimsifu binti. Hili langu wanaulizia mto!

Nikamjibu mwanangu: "Baba, hao wanaokucheka walete makalio yao waukalie."

Haifutwi ng'o. Kesho naruka tena, na gauni lilelile.